Kiti cha Baba na Oveni ya Eastern

Mwaka 2001, miezi michache baada ya kumzika baba, dereva mmoja alipaki lori mbele ya kibanda cha chai cha mama, Mafinga. Aliagiza chai na chapati mbili, halafu akamwambia mama kwamba kila akishuka mlima wa Kitonga anamsikia marehemu.

Dereva huyo alikuwa amenunua kiti cha baba. Lori la baba lilipopinduka pale mlimani lilikatwa, vilivyofaa vikauzwa kama spea, na kiti cha dereva kilitoka kizima, hata kitambaa hakikuchanika. Dereva huyu akakifunga kwenye gari lake. Sasa, alisema, akianza tu kuteremka, sauti inamjia nyuma ya sikio: "Gia kwanza, breki baadaye."

Maneno hayo yalikuwa ya baba kweli. Kila utingo aliyewahi kupanda naye aliyajua.

Nilikuwa darasa la sita, nimesimama na sinia la maandazi, natamani kumwomba anichukue nikakikalie hicho kiti hata dakika moja. Mama alimalizia kumimina chai. Hakumwaga hata tone. "Mume wangu amelala kule nyuma ya kanisa," akasema. "Hakai kwenye kiti cha mtu."

Yule mtu sikumwona tena. Hadithi yake ndiyo iliyobaki barabarani. Hadi namaliza sekondari nilishaisikia ikisimuliwa kwa kiti, kwa usukani, na mara moja kwa kioo cha pembeni ambacho mnunuzi aliona uso ndani yake. Trafiki waliokagua ajali walisema chanzo ni mpira wa hewa wa breki, uliopasuka sehemu ndogo tu, urefu wa kidole changu wakati ule. Nadhani ufundi wangu ulianzia hapo, kwenye huo mpira.

Siku hizi natengeneza ndege. Kisa cha ajali ya Eastern 401, safari ya ndege ya Marekani, nilikipata hanga, banda tunamotengenezea ndege, zamu ya usiku, mwaka wangu wa kwanza kazini. Msimamizi wetu, mzee ambaye sote tulimwita Babu, alikuwa akikisimulia kila tulipotakiwa kufunga kifaa kilichotolewa kwenye ndege nyingine. Alisimulia kwa sauti ya chini, na vijana waliacha kugonga spana ili wasikie. Asubuhi nilifika nyumbani sina usingizi, nikaanza kutafuta taarifa ya uchunguzi wa ajali ile. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo. Nianze nayo, kwa sababu wengi wanaosimulia huiruka na kukimbilia mizuka.

Ilikuwa Ijumaa, 29 Desemba 1972. Ndege ya Eastern Air Lines, Lockheed L-1011 TriStar yenye umri wa miezi minne tu, ilikuwa inatoka New York kwenda Miami na watu 176: abiria 163 na wafanyakazi 13. Usiku haukuwa na mwezi. Walipokuwa wanajiandaa kutua, taa ya kijani inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Rubani Bob Loft, mwenye umri wa miaka 55 na karibu saa 30,000 angani, aliomba kuzunguka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakaelekea magharibi juu ya Everglades, kinamasi kikubwa kisicho na nyumba wala taa, na ndege wakaikabidhi mtambo wa kujiendesha.

Kisha wote wakaielekea ile taa. Rubani msaidizi, Albert Stockstill, alichomoa kifuniko chake na kukirudisha vibaya, kikakwama. Loft akamtuma mhandisi wa ndege, Don Repo, ateremke kwenye shimo lililo chini ya chumba cha marubani, ambako kuna tundu la kuchungulia gurudumu kwa macho. Fundi mmoja wa kampuni, aliyekuwa anasafiri nao, alimfuata. Huko chini kulikuwa giza, hawakuona kitu.

Wachunguzi wanaona kwamba mtu aliusukuma usukani bila kujua, na sehemu ya mtambo inayoshikilia kimo ikajiachia. Ndege ikaanza kushuka taratibu mno, hakuna tumbo lililohisi. Ilipopungua futi 250, kengele ya tahadhari ililia. Sauti moja laini, nusu sekunde.

Kengele hiyo ililia upande wa mhandisi. Kiti chake kilikuwa kitupu, kwa sababu mwenyewe alikuwa shimoni anatafuta gurudumu.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza niliweka simu chini, nikaenda jikoni kunywa maji.

Sekunde chache kabla ya mwisho Stockstill alisema kuna kitu wamefanya kwenye kimo. Akauliza kama bado wako futi 2,000. Maneno ya mwisho ya Loft kwenye kinasa sauti yalikuwa swali: jamani, kuna nini hapa? Saa 5:42 usiku bawa la kushoto liligusa maji, zaidi ya kilomita 25 kutoka uwanja wa ndege. Watu 101 walikufa, 75 wakapona. Magurudumu yalikutwa yameshuka yote na kujifunga vizuri. Vilivyokuwa vimeungua ni vibalbu vya ile taa, basi.

Kuna mtu alikuwa kinamasini usiku huo na taa kichwani, anawinda vyura kwa boti ya propela. Aliitwa Robert Marquis. Aliona moto, akageuza boti, akafika kabla ya waokoaji wote, na akaungua kwa mafuta yaliyotapakaa akiwavuta watu kutoka kwenye maji. Huku gizani walionusurika waliogopa kuwasha hata kiberiti kwa sababu ya mafuta hayo hayo. Wakaimba nyimbo za Krismasi ili wapate kusikika. Sielewi kwa nini tunaposimulia Eastern 401 tunamwacha huyu mwindaji. Alikuwa mtu hai, wa nyama na damu, alikwenda kuangalia kuna nini, na watu waliishi.

Sasa mizuka.

Loft alikufa kwenye mabaki, Repo akafia hospitali. Baadhi ya vifaa vilivyotoka vizima vilisafishwa, vikakaguliwa na kufungwa kwenye ndege nyingine za Eastern. Hilo ni jambo la kawaida, nami nalifanya. TriStar ilikuwa na jiko chini ya sakafu, mhudumu anateremka kwa lifti ndogo kwenda kupasha chakula. Inasemwa kwamba oveni za jiko hilo zilihamia kwenye ndege nambari N318EA, na huko ndiko Repo alikoanza kuonekana. Mhudumu alifungua oveni akaona uso wake, akaita wenzake, mmoja akamtambua. Safari nyingine rubani aliyevaa sare alikaa kimya daraja la kwanza, haitikii anaposemeshwa, hadi kapteni alipokuja na kusema, Mungu wangu, huyu ni Bob Loft. Kiti kikabaki kitupu. Na nyingine, ambayo Babu aliipenda kuliko zote: mhandisi alipanda ndege ili akague kabla ya safari, akamkuta Repo amekaa kwenye kiti cha mhandisi, akimwambia asijisumbue, ukaguzi nimeshafanya.

Mwandishi John G. Fuller alizikusanya kwenye kitabu mwaka 1976, na miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya televisheni. Mkuu wa Eastern wakati huo alikuwa Frank Borman, yule aliyeongoza Apollo 8 kuuzunguka mwezi mwaka 1968. Alizikataa kabisa. Wengine husema kampuni iliamuru vifaa vyote vya ndege ile vitolewe kimyakimya. Babu alisema hivyo kama vile yeye mwenyewe alishika bisibisi.

Nikiulizwa naamini nini, jibu ninalo. Siamini kwamba Repo alikuwa kwenye oveni. Naamini waliosema wamemwona hawakuwa waongo. Hawa walikuwa wanapanda ndege za aina ile ile wiki ile ile, wanavaa sare ile ile, wanafungua milango ya jiko lile lile walilowahi kulifungua pamoja na marehemu. Na walikuwa wameambiwa kwamba wenzao wamekufa wakishughulikia balbu. Mimi najua inavyokuwa kuambiwa chanzo cha kifo kidogo namna hiyo. Ukipewa mpira wenye ufa wa urefu wa kidole ukaambiwa hiki ndicho kilichomwondoa baba yako, moyo hautoshelezeki, unatafuta kingine cha kushika. Ukisikia kwamba anaonya madereva Kitonga, walau sasa ana kazi.

Nadhani hao wafanyakazi wa Eastern walikuwa wanamrudisha Repo kwenye kiti chake. Kile ambacho kengele ilikililia na hakuna mtu.

Ila ile hadithi aliyoipenda Babu naikataa, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzangu, kwa heshima, shikamoo ikiwa ya kwanza. Hangani kwetu hakuna ukaguzi ulioshafanywa mpaka kuwe na sahihi. Mtu yeyote akikuambia usiangalie, nimeshaangalia, unaangalia. Na hata kwa Repo mwenyewe si haki. Katika watu wote waliokuwa kwenye chumba kile usiku ule, yeye ndiye aliyetangulia kuinuka na kushuka shimoni ili akaone kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia mwenzake aache kukagua. Babu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Una hoja, mwanangu," na tangu hapo anaposimulia, hiyo sehemu huiacha.

Kuna jambo ambalo Babu hakuwahi kulisimulia, nami nililipata mwaka jana tu. Mke wa Loft na watoto wake walimshtaki Fuller mahakamani Florida. Walilalamikia kuvamiwa faragha yao na kuumizwa moyo: baba yao amegeuzwa mzuka wa kuuzia vitabu. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ikakubali kwamba kesi itupwe. Sheria iliona kwamba faragha ni ya mtu mwenyewe, na yeye ameshakufa.

Nilisoma hiyo hukumu nikamwona mama na birika mkononi. Sikuwa nimemfikiria kwa namna hiyo hata siku moja. Miaka yote nilimwona kama aliyenizibia mlango, aliyenikatalia sauti ya baba wakati ipo inaniita barabarani. Sikujiuliza alisikiaje, yeye aliyelala na ile sauti miaka 14, kuisikia inatajwa na mtu asiyemjua anayetafuna chapati yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Ana miaka 67 sasa, kibanda alishawaachia wajukuu wa dada yake. Nikamweleza habari yote, ndege, balbu, oveni, mpaka yule mjane aliyekwenda mahakamani. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Alishinda?"

"Hapana, mama. Alishindwa."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Yule wa kiti alirudi," akasema. "Wewe ulikuwa shule. Alikuja nacho nyuma ya lori amekifungua, anataka kunirudishia bure, anasema hakijamtendea ubaya ila anaona ni cha kwetu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungelia, ungetaka tukiweke sebuleni."

Ni kweli, ningetaka.

"Kwa hiyo ulimwambiaje?"

"Nilikikalia kidogo," mama akasema. "Pale pale, juu ya lori. Halafu nikamwambia akifunge tena aende nacho, ila Kitonga ashuke kwa gia."