Mazigazi ya Uzi: hatimaye mla kaa ametoka na manyoya yake

Hatimaye ninayo picha ya mla kaa ambayo hata ukiikuza hadi mwisho, jicho linabaki jicho. Ninamzungumzia Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene, ambaye hutaga katika mashimo anayoyachimba mchangani huko Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha huja kwetu kukaa msimu wote wa kaskazi. Matope yanayokizunguka kisiwa cha Uzi, kusini mwa Unguja, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyoanzishwa mwaka 1997, yanampa kaa wa kumshibisha. Kumwona pale si kazi. Kazi ni kurudi nyumbani na picha yake inayofaa.

Picha zangu zote za mbali zilikuwa zikitoka laini, na ulaini wenyewe haukuwa wa fokasi iliyokosea. Katika mfululizo wa fremu za sekunde moja, ndege yuleyule aliyesimama bila kutikisika alikuwa na shingo nyembamba katika fremu hii na shingo nene katika inayofuata, na mguu wake ulipinda mahali ambapo hapana goti. Lenzi yangu ya milimita 600 niliijaribu kwenye ukuta wa nyumba kwa umbali wa mita kumi na tano, nikaweza kuhesabu nyufa za chokaa, hivyo lenzi haikuwa na lawama. Shata, yaani kasi ya kamera kufumbua na kufumba, niliipandisha hadi sehemu moja ya 4000 ya sekunde na hakuna kilichobadilika, kwa sababu shata hugandisha mwendo wa ndege, lakini haina uwezo wowote juu ya mwanga ambao umekwishapindwa na hewa kabla ya kufika kwenye kioo.

Hayo ni mazigazi, yaleyale yanayotuonesha madimbwi kwenye lami kavu wakati wa adhuhuri. Tope jeusi hupata moto upesi, hewa iliyo juu yake hupanda huku iliyo baridi ikishuka, na kila tabaka huupinda mwanga kwa kiasi chake. Kadiri ndege anavyokuwa mbali ndivyo mwanga unavyopita katika tabaka nyingi zaidi, na lenzi ndefu huikuza kasoro hiyo pamoja na ndege mwenyewe. Ndiyo maana sioni sababu ya kununua konveta, kile kioo cha ziada kinachorefusha lenzi, kwa ajili ya pwani hii: saa nne asubuhi inachokuongezea ni joto tu. Programu za kunoa picha nazo nimezichoka, kwani huuchukua ule unyoya uliovurugika na kuuchongea kingo, ukaishia na ndege aliyevaa plastiki.

Ugumu hasa uko kwenye maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba ufukwe huwa wazi, na ndege huwa wametawanyika hadi mwisho wa macho, wakati uleule ambapo jua limekwishaanza kulichoma tope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hupwa alfajiri na hewa bado ni ya baridi, lakini bahari haijai kiasi cha kufunika matope, na ndege wasiofukuzwa na maji hawana haja ya kukusanyika popote. Nilikaa na jedwali la maji kwa muda mrefu nikitafuta siku yenye baridi na ndege wa karibu kwa pamoja, na kila nilipopata kimoja nilikosa kingine.

Mzee anayenikaribisha Uzi, mvuvi wa madema, hakuhitaji jedwali. Aliniambia, "Mwanangu, mwezi wa angani ukiwa na siku kumi na nane kuamkia kumi na tisa, njoo ulale hapa. Asubuhi maji yamejaa, na hao weupe wako wote pale funguni, hawana pengine pa kukaa." Hesabu ilikubali. Maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku, kwa hiyo siku chache baada ya bamvua ile saa kumi ya alfajiri huwa imesogea hadi jua linapochomoza, na bahari bado ina nguvu ya kuyafunika matope yote. Kulala kulikuwa lazima, kwani barabara ya kuingia Uzi ilikatiza katikati ya mikoko na ilizama maji yalipojaa. Maji yaliyowaleta ndege ndiyo hayohayo yaliyofunga njia.

Nilijilaza nyuma ya mchu mmoja mfupi, aina ya mkoko, kabla ya mwanga, na kamera niliitoa nje mapema ili ipoe, maana lenzi yenye joto la chumbani hutengeneza mazigazi yake yenyewe ndani ya kofia ya mbele, ile inayoikinga na mwanga wa pembeni. Kofia nayo niliivua. Tripodi niliiacha nyumbani kwa mzee bila majuto: miguu yake huzama topeni mmoja mmoja, na mfuko wa turubai uliojazwa mchanga wa palepale unaishinda kwa uthabiti na kwa bei. Mwanga niliupunguza kwa theluthi mbili za hatua moja ya kamera (stopu) ili weupe usiungue, kwa sababu kipimo cha kamera hudanganywa na tope jeusi na kukifanya kifua cha ndege kuwa karatasi tupu.

Maji yalipopanda walikuja kwa makundi, wakatua umbali wa mita ishirini na tano hivi, wakasimama wakielekea upepo. Hewa ilikuwa imetulia kabisa. Katika fremu ninayoipenda kuliko zote, punje za mchanga zimenata kwenye mdomo karibu na ncha, utando mfupi ulio baina ya vidole vya mguu unaonekana ukiwa umelowa, na mpaka wa manyoya meusi na meupe mgongoni ni mkali unyoya kwa unyoya. Nimeikagua mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mpango ulikuwa sasa nijenge kibanda cha makuti cha kujifichia ukingoni mwa mikoko. Makuti nimekwishayanunua na yako uani yanakauka. Nimeyaacha, kwa sababu katika kundi lile kulikuwa na watoto wenye mgongo wa kijivu ambao bado waliwaandama wazazi wao wakilia kuomba chakula. Ndege hawa huendelea kuwalisha watoto wao hata baada ya kusafiri nao hadi huku, na sasa ninataka picha ya mzazi akimkabidhi mwanawe kaa. Tatizo ni kwamba makabidhiano hayo hufanyika maji yakiwa yametoka, yaani mazigazi yamenirudia kupitia mlango mwingine.

Nimegundua kwamba walaji kaa huwavumilia sana akina mama wanaoinama kuokota chaza, ilhali mtu aliyesimama wima humkimbia kutoka mbali. Nimeomba ruhusa ya kufuatana na kikundi kimoja cha akina mama hao, nami niiname. Tumechagua siku ya kumi na moja na ya kumi na mbili za mwezi wa angani, ambapo maji hupwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, tope likiwa bado baridi na njia ya Uzi ikiwa wazi, hivyo safari hii sitalazimika kulala.