Weber 48 IDA kwenye 12A: kikohozi cha mizunguko 2,300 kimekwisha

Kimekwisha. Mazda RX-7 yangu, yenye injini ya rotari ya 12A, sasa inavuta kutoka mizunguko 1,800 hadi 3,500 kwa dakika kwa gia ya nne, mguu ukiwa umegusa tu pedeli, na haikohoi wala haishtuki. Aliyewahi kuendesha 12A yenye kabureta ya Weber IDA kwenye foleni ya Nairobi anajua furaha niliyo nayo.

Kuhusu uchaguzi wa kabureta sina mengi. Nikki, kabureta ya asili, ilikuwa imechoka: matundu ya shafti yamelika, inavuta hewa pembeni, na hakuna skrubu ya kutuni inayoweza kutibu hilo. Weber DCOE 45 ndiyo ningemshauri mtu wa matumizi ya mjini, lakini inalala ubavu, na manifodi yake (bomba linaloiunganisha na injini) inataka nafasi ambayo boneti ya RX-7 haitoi kirahisi. IDA inasimama wima, koo moja kwa kila rota (kinachozunguka badala ya pistoni; 12A inazo mbili), na manifodi niliipata pamoja nayo. Fundi wa Kariobangi Light Industries akaisawazisha uso, kazi safi kabisa. Kimo cha boneti nilikipima kwa udongo wa kuchezea watoto: weka bonge juu ya kabureta, shusha boneti taratibu, fungua, pima ulipobanwa. Zilibaki milimita 22 kwa kichujio, kwa hiyo kichujio ni kifupi.

Sasa kikohozi chenyewe. IDA ilitengenezwa kwa mashindano, na kila koo lina mashimo mawili tu ya mpito, yanayotoa petroli mguu ukigusa pedeli kidogo. Kipepeo, kibati kinachofungua koo, kikifunguka kinapita shimo la kwanza, kinapita la pili, halafu kuna pengo: mashimo yameshatoa yote yaliyo nayo, na hewa inayopita kwenye venturi (sehemu nyembamba ya koo) bado haina nguvu ya kuvuta petroli ya jeti kuu. Mtu wa mashindano hakai hapo hata sekunde moja. Mimi na Thika Road tunaishi hapo hapo.

Geji ya hewa na petroli ilikuwa inasoma 17, yaani hewa 17 kwa petroli moja: petroli ni kidogo. Hapa wenye rotari tuwe makini. Injini yetu ikimisi kwenye mizunguko ya chini, oksijeni ambayo haikuungua inatoka na moshi, sensa inaiona, na geji inakuambia petroli ni kidogo hata kama plagi zinaogelea. Kwa hiyo sikuiamini geji peke yake. Nilishikilia injini kwenye 2,300, nikaweka kiganja juu ya koo moja na kuliziba kidogo tu. Mizunguko ikapanda papo hapo, na mtikisiko ukapungua. Koo la pili vivyo hivyo. Petroli ilikuwa pungufu kweli.

Dawa za kawaida zote zilipita kwenye hii kabureta. Jeti za sailensi (za injini ikinguruma bila kukanyaga pedeli) kutoka 60 hadi 70: sailensi ikawa nzito, plagi za juu zikawa nyeusi kama sufuria ya mkaa, na pengo likabaki pale pale. Jeti kubwa ya pampu inayorusha petroli ukikanyaga inaficha kikohozi ukikanyaga ghafla, lakini ukituliza mguu kinarudi. Venturi za 37 badala ya 40 zilisaidia kweli, kwa sababu hewa inakimbia zaidi na jeti kuu inaamka mapema; pengo likashuka kutoka 2,800. Kupandisha kiwango cha petroli kwenye bakuli nako kulisaidia, hadi niliposhuka mteremko wa Limuru na kufunga breki: petroli ikamwagika kooni, injini ikazama. Nikarudisha.

Ikabaki kutoboa shimo la tatu. Nilifungua skrubu ya shaba inayofunika njia ya mpito, nikashikilia kipepeo pale pale pengo linapoanzia, na kwa penseli nikaweka alama ukutani mwa koo, usawa wa ukingo wa kipepeo. Alama iliangukia juu kidogo ya shimo la pili, palepale nilipotarajia. Biti ya milimita 1, kishikio cha mkono cha fundi saa, grisi kwenye ncha ili vumbi la alumini ling'ang'anie. Unazungusha kwa vidole, unatoa, unafuta, unarudia. Usithubutu kuingiza drili ya umeme hapo. Na koo la pili lazima liwe na kimo kile kile, la sivyo rota moja itavuta na nyingine itasusa.

Baada ya hapo nilirudi kwenye jeti za 60, nikasawazisha makoo kwa kipima hewa, nikaacha pauni 3 za presha ya petroli. Geji sasa inasoma 13.2 mahali ambapo ilikuwa inapiga 17.

Neno kuhusu vifaa. Kutoboa mwili wa kabureta ni jambo moja, kutoboa jeti ni jingine. Biti inaacha mikwaruzo ndani na namba iliyoandikwa inakuwa uongo. Nunua jeti. Nami nimenunua seti mbili, kwa sababu Nairobi tuko karibu mita 1,700 na hewa ni nyepesi: huku jeti kuu ya 150 inatosha, lakini ukishuka nayo Mombasa injini itakosa petroli ya kutosha, kwa hiyo 155 zinakaa kwenye kibweta cha gari na zitabadilishwa Mtito Andei.

Nilipanga kukata bati la kuwa kinga ya joto, maana eksozi ya rotari iko chini ya manifodi na petroli inachemka ukizima gari. Itangoja, kwa sababu suala la oili linatangulia. Nikki ilipoondoka, mirija ya pampu ya oili, iliyokuwa ikipeleka oili ya kulainisha ndani ya injini kupitia kabureta, ilikosa pa kwenda, na tangu hapo nachanganya oili ya tu-stroku kwenye tanki, mililita 160 kwa lita 20. Inalinda sili za ncha za rota vizuri, ila kila kituo cha mafuta ni hesabu na chupa. Pampu yenyewe ni nzima, na mkono wake unafuata pedeli. Kwa nini isivute oili safi kutoka tanki lake dogo, badala ya oili chafu ya injini? Inataka kibati cha alumini kati ya pampu na injini, kizibe njia ya zamani na kufungua mpya, na matundu mawili ya kuingizia oili kwenye manifodi. Kiolezo cha karatasi nimeshakikata kwa kufuata gasketi, na mahali pa tanki ni kando ya chupa ya maji ya waipa.