Ndizi Mbichi Chini ya Hadubini ya Karatasi

Machi 2017 nilikuwa katika mwaka wangu wa nne wa kufundisha Biolojia kwenye shule ya sekondari ya kata nje kidogo ya Tukuyu, na katika muda wote huo sikuwa nimemwonyesha mwanafunzi hata mmoja seli halisi. Maabara tulikuwa nayo. Wazazi walikuwa wamechangia fedha, mchanga na nguvu zao wakati wa kampeni ya kujenga maabara katika sekondari za kata, lakini ndani mlikuwa na meza, masinki yasiyo na maji na hadubini moja ambayo lensi yake ilikuwa imeota ukungu. Seli niliichora ubaoni mfano wa tofali, kwa kuwa ndivyo nilivyochorewa mimi.

Mwaka huo tulipokea mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, nchi ambayo imekuwa ikituma vijana wa namna hiyo Tanzania tangu miaka ya 1960. Alikuja na hadubini kumi za karatasi ziitwazo Foldscope, zilizobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Karatasi ngumu hukunjwa, lensi ndogo kama punje ya ulezi hupachikwa, kisha chombo huelekezwa kwenye mwanga, nacho hukuza kitu mara 140 hivi. Nakiri kwamba nilipoziona nilidhani ni vitu vya kuchezea watoto.

Mwongozo wake ulitaka kitunguu, nacho siku hiyo hakikuwepo. Mvua ilikuwa ile ya Tukuyu, isiyo na habari ya kukoma, na hakuna aliyekuwa tayari kutumwa sokoni. Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Pili akauliza kwa nini tusitumie ndizi, ilhali jikoni zimejaa.

Tulikwangua ndizi mbichi, tukapaka ute wake kwenye selotepu, tukadondoshea iodini tuliyoomba zahanati, kisha tukamulika kwa tochi ya simu. Nilitangulia kuchungulia mimi. Niliona vifuko vya mviringo, si matofali, vikiwa vimesheheni punje za wanga zenye rangi ya bluu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi. Tulipoweka ndizi mbivu, punje zilikuwa chache, za kuhesabika.

“Madam, wanga umekwenda wapi?” aliuliza yule binti.

Mgeni wetu alianza kujibu kwa Kiingereza, nami nikamsaidia kwa Kiingereza changu, na darasa likanyamaza kama kawaida yake. Tukahamia Kiswahili, ambacho yeye alikijua kwa miezi michache tu, tukaeleza jinsi vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari ndizi inapoiva, na maswali yakaja mfululizo hadi kengele ya chakula ikapigwa bila mtu kuinuka.

Jioni nilimkuta ofisini akiandika barua kwa walimu wenzake wa Japani. Alikuwa amefuta kitunguu kwenye mwongozo wake, akaniuliza kama neno “mbivu” huandikwa kwa v au kwa f.