Siku moja na mizani: nasoma mpito wa kiikolojia nikiwa Lubumbashi

Saa kumi na nusu alfajiri

Naamka mapema kwa sababu umeme mtaani kwetu Katuba huja usiku na huondoka watu wanapoamka. Simu, kompyuta na taa zinapokezana soketi moja. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa lisansi (shahada ya kwanza) ya mpito wa kiikolojia, yaani namna ya kuhamia maisha yasiyoharibu mazingira, kwa masomo ya mbali, katika chuo kikuu cha Ufaransa ambacho sijawahi kukikanyaga. Mega za intaneti za usiku ni rahisi kuliko za mchana, basi napakua kila kitu kwa mpigo: video, faili za somo, na jedwali la wiki hii.

Jedwali lenyewe linahusu mzunguko wa maisha wa betri ya gari la umeme, ile aina yenye nikeli, manganizi na kobalti. Kuchimba, kusafisha, kutengeneza, kutumia, kurejeleza. Kutengeneza kumepewa ukurasa mzima. Kuchimba kumepewa mstari mmoja. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa upande wa Kolwezi, na malori yake hupita hapa Lubumbashi kwenda mpakani Kasumbalesa. Usiku ukitulia unayasikia. Mimi na watoto wangu tunaishi ndani ya mstari ule mmoja.

Saa kumi na mbili

Mbabula, yaani jiko la mkaa, chai, mikate ya jana. Watoto wanavaa. Mvua za Novemba zimeshaanza na uani ni tope tupu.

Saa moja na nusu

Shuleni. Nafundisha biolojia, na leo darasa la tano ni somo la udongo. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa nini kule Penga Penga, mtaa wa hapa mjini, kuna sehemu ambapo hata nyasi hazikubali kuota. Nikaweka chaki chini, maana swali hilo halimo kitabuni lakini ndilo somo lenyewe.

Nikawaambia: shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Upepo wetu, hasa wa kiangazi, hutoka kusini mashariki, kwa hiyo moshi wa lile bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia ukawa unalala upande wa kaskazini magharibi mwaka hadi mwaka, ukiacha shaba, risasi, zinki na kadimiamu ardhini. Mti haufi kwa njaa pale, unakufa kwa sumu. Lakini ipo nyasi ndogo ya asili ya Katanga, Microchloa altera, iliyozoea udongo wenye shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliijaribu huko Penga Penga pamoja na chokaa na mboji, ikashika. Haiondoi shaba. Inafunika udongo usipeperuke kuwa vumbi na kuingia ndani ya nyumba za watu. Yule kijana akauliza kama mbegu zake zinauzwa. Nikamjibu kwamba hata mimi ningependa kuzinunua.

Saa saba mchana

Kwa mama mdogo, anayeuza makala, yaani mkaa, karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nilimwomba mfuko mmoja niupime kwa kilo. Akanitazama kwa huruma.

“Mutoto wangu, huku batu banauza mufuko, habauzi kilo.”

Ana haki. Mfuko ni ujazo: ukipanga vipande vikubwa katikati na vidogo pembeni unajaa upesi. Na wakati wa mvua makala yanakunywa maji, kilo zinaongezeka bila moto kuongezeka. Jaribio langu la kwanza liliharibika kwa sababu hiyo hiyo; nilipima maji nikidhani napima makala. Nilichojifunza kwake hakimo kwenye faili lolote: anagonga vipande viwili, vikilia kama vigae ni vikavu, vikilia bubu anavirudisha. Aliniambia pia kwamba zamani miti ilikatwa karibu na mji, siku hizi dereva analala njiani.

Saa nane hadi saa kumi na moja

Hii ndiyo kazi ya leo. Sufuria mbili za kufanana, kila moja nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa tangu jana, maji lita mbili. Mbabula ya kwanza ni ya bati, kama ya kila nyumba. Ya pili ina udongo wa kuchomwa ndani, unaozuia joto lisitoke mbavuni. Kila moja inapewa kilo moja ya makala niliyoyaanika siku mbili juu ya bati. Binti yangu anaandika daftarini: saa ya kuwasha, saa ya kuchemka, saa ya kuiva. Kuiva tumekubaliana ni pale harage linapopondeka kati ya vidole viwili bila kubisha.

Yalipoiva tukazima makaa kwa kuyafunika ndani ya ndoo ya chuma, bila maji, tukapima yaliyobaki. Mbabula ya bati ilikula gramu 720. Ya udongo ilikula 470. Tofauti ni gramu 250.

Gramu 250 ni kiganja cha makala, hata mtoto hubeba. Lakini tanuru la udongo kule msituni, katika kila kilo mia moja za kuni, hutoa kilo kumi hadi ishirini tu za makala. Kwa hiyo sufuria moja ya maharage imeokoa kati ya kilo moja na robo na kilo mbili na nusu za mti wa miombo. Nilimwonyesha binti yangu hesabu hiyo, akaikagua tena peke yake, kisha akaenda kuwaita majirani.

Saa mbili usiku

Kipindi cha mtandaoni. Ufaransa wamerudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwao sasa ni saa moja. Umeme hakuna, natumia simu. Mwalimu akauliza nani ana neno kuhusu mpaka wa mfumo, yaani nini kihesabiwe na nini kiachwe nje. Nikawasha maikrofoni.

Nikasema: mwaka 1982 waya wa umeme kutoka bwawa la Inga ulifika Kolwezi, kilomita kama 1,700, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa. Ulijengwa kwa ajili ya migodi. Watu waliofuata kazi za migodi wanapikia makala, na makala ni miombo. Kama betri inahesabiwa safi kwa kuwa mgodi unatumia umeme wa maji, basi msitu unaopikia chakula cha mchimbaji uingie pia kwenye jedwali. Ukimya kidogo. Mwenzangu wa Dakar akasema kwao pia ni hivyo. Mwalimu akasema: andika, lakini leta namba.

Namba ninazo. Za sufuria mbili tu. Zinatakiwa nyumba kumi, na majirani sita wameshakubali.

Saa nne na nusu

Naandika kwa mwanga wa simu, asilimia 18 imebaki. Nimefika kwenye unyevu wa makala, na hapo ndipo naisikia mvua kwenye bati. Makala ya kesho bado yameanikwa nje.