Tulivyochapa kitabu cha hadithi za wacheza bao

Kijiwe chetu kiko Magomeni, chini ya mwarobaini, ubavuni mwa muuza kahawa. Ikishaswaliwa alasiri bao linatolewa, na halirudi ndani mpaka adhana ya magharibi. Nimekaa pale miaka mingi, nikisikiliza kuliko kucheza, maana wacheza bao wana hadithi. Yupo mzee aliyebeba mizigo bandarini ujana wake wote, yupo seremala, wapo vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Mwaka juzi tulizika wawili ndani ya miezi mitatu. Wa pili alikuwa na kisa cha safari ya jahazi kutoka Kilwa, na tulipokaa matangani ikaonekana kila mmoja wetu anakijua nusu nusu. Iliniuma sana. Ilipopita arobaini nikawaambia wenzangu kwamba hizi zilizobaki tuzichape kitabu.

Watu 11 walikubali. Wanne walileta daftari, waliobaki nikawarekodi kwa simu. Mwanzo ilikuwa tabu, mtu akiiona simu tu anageuka msoma taarifa ya habari. Basi nikawarekodi huku wanacheza. Kete zinagonga shimoni, sentensi inakatika pale msimulizi anapokula kete za mwenzake, akimaliza kusambaza anaendelea alipoachia. Mikato ile niliiacha kitabuni, na hadi leo naona ndiyo uzuri wake.

Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili alinisaidia kuhariri, akabadilisha kila "namua" kuwa "naamua". Kwa asiyecheza bao, ni sahihisho la haki kabisa. Lakini namua ndiyo hatua ya kwanza ya mchezo: kila mtu ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anaziingiza moja moja, na zikiisha ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili. Nikayarudisha yote. Kisha nikamwomba mwalimu aje akae nasi siku mbili, na tangu hapo kalamu yake ikawa na adabu nyingine.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ni hesabu. Hadithi tisa zina mchezo ndani yake, na mimi niliazimia kila mchezo ule uwezekane kuchezeka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, hazizidi wala hazipungui. Kwenye kisa cha seremala, mahari inawekwa rehani kwa mkono mmoja wa bao, nami nikijumlisha napata 65. Nikamwendea nyumbani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza. Hakubisha. Alileta bao lake sebuleni, akapanga kete kama alivyosimulia, akaanza kurudisha nyuma mkono baada ya mkono. Ilimchukua karibu saa nzima. Mwishowe akachomoa kete moja kwenye nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, akanishikisha kiganjani. "Nyumbani zilikuwa tisa. Kumi nilisema kwa hasira tu, alinila zote."

Fedha tulichanga kama watu wanavyochangia harusi. Watu 45 walilipa shilingi 10,000 kila mmoja kabla ya kitabu kuwepo, iliyopungua nikajazia na zamu yangu ya upatu. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, niliifuata Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kwa nakala 200 hatukuwa na sababu ya kwenda ofseti, uchapaji wa kutumia sahani, gharama ya sahani hizo peke yake ingetumaliza. Tukachapa kidijitali, kurasa 96 za A5.

Na hapo nikakosea. Nilikuwa na haraka, sikudai sampuli. Nakala 20 za kwanza zilipofika nikakimbilia nazo kijiweni. Mzee wa bandarini alipokea yake, hakutafuta jina lake, alifungua moja kwa moja kwenye mchoro. Akaweka kidole, akahesabu mstari: moja, mbili, mpaka sita. Akahesabu tena.

"Bao gani hili halina vichwa?"

Mashimo ya kando, yale tunayoyaita vichwa, ndipo kete zinapoanzia kusambazwa baada ya kula. Nilichora bao likatanda upana mzima wa ukurasa. Upande wa nje kisu cha mpiga chapa kilikata kichwa kimoja, upande wa ndani cha pili kikazama kwenye gundi ya mgongo. Kiwandani nao walikuwa wamekuza kurasa kidogo bila kuniambia, lakini kuacha nafasi ilikuwa juu yangu. Nilisimamisha kazi jioni ile ile. Nikapunguza michoro yote, nikaacha sentimita 2 upande wa mgongo na 1.5 nje, na safari hii nikaisubiri sampuli, nikaenda nayo kwa mzee kwanza. Alihesabu minane, akaomba kahawa.

Zile 20 zenye bao la mashimo sita sikuziuza. Nilizikatia vipande vya karatasi vyenye mchoro kamili, nikavibandika kimoja kimoja, zikagawiwa kwa waandishi na kwa familia za marehemu wale wawili. Moja inakaa kijiweni, juu ya benchi la muuza kahawa. Ukurasa wa 41, wenye mkono wa mahari, umeshakuwa mweusi kwa vidole, maana vijana wanaupanga ubaoni karibu kila jioni, wakitafuta namna ambavyo fundi angeweza kuiokoa nyumba yake.