Mita 100, lakini za kulinda nani?

Mnakumbuka ule mswada wa mbunge Esther Passaris wa 2025, hapa Kenya, wa kusema watu wasikusanyike ndani ya mita 100 kutoka Bunge na korti na zile sehemu nyingine zenye ulinzi? Watu walichemka, na mimi nilichemka, manake kifungu cha 37 cha Katiba kinasema tunaweza kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko bila silaha, sasa ukinisukuma mita 100 kutoka kwa mbunge nimlalamikie nani, wauza njugu wa Kenyatta Avenue?

Sasa juzi nasoma mambo ya nje nikapata kuna nchi zimechora hizo mita, ila zimezichora kwingine kabisa. Ni kuzunguka hospitali na kliniki ambapo wanawake wanaenda kutoa mimba. Ukiwa ndani ya hiyo duara huruhusiwi kumzuia mtu, kumsumbua, wala kumshawishi abadilishe nia yake. Uingereza na Wales ni mita 150, ilianza 31 Oktoba 2024, Scotland mwezi mmoja kabla yao na wao wakaweka 200, Ireland 100. Marekani ndio walikataa, 2014 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya Massachusetts iliyokuwa na futi 35 tu, yaani kama mita 11 hivi, na hata hizo hazikupona.

Mimi nikasema hii naunga mkono na ile ya Bunge sitaki, na sioni kama najipinga. Mbunge amepitisha ushuru, ana walinzi, ana gari la vioo vyeusi, kelele zetu ni sehemu ya kazi aliyoomba mwenyewe. Yule dada kwa geti ya kliniki hajapitisha kitu. Amekuja na matatu, pengine anatoka damu, pengine ni mimba aliyotaka sana na imeharibika, wewe unajuaje ukimrushia maneno?

Pahali inanipa shida ni maombi. Mwaka 2024 kuna mwanaume alipatikana na hatia Uingereza, karibu na kliniki ya Bournemouth, alisimama tu kimya anaomba. Askari kumuuliza mtu unaomba nini kwa roho yako haikai poa kabisa, hata kama nadhani Mungu angemsikia vizuri tu akiwa kwake.

Lakini turudi Nairobi. Hapa sijawahi kuona watu wamejipanga nje ya kliniki na mabango. Huku vita hupitia ofisini, kama 2018 bodi ya madaktari ilipoizuia Marie Stopes, shirika la kliniki za afya ya uzazi, kutoa mimba baada ya malalamiko juu ya matangazo yao, kisha ikawafungulia baadaye. Na sheria zenyewe zinavutana. Kifungu cha 26(4) cha Katiba kinaruhusu mimba itolewe mhudumu wa afya aliyefunzwa akiona kuna dharura ama maisha au afya ya mama iko hatarini, halafu Kanuni ya Adhabu bado iko pale na miaka 14 kwa anayemtoa mtu mimba kinyume cha sheria na 7 kwa mwanamke mwenyewe. Nani anahitaji bango na hiyo ipo?

Kule Kilifi 2019 msichana wa miaka 16 alikamatwa na polisi akiwa bado anatibiwa kliniki, na mhudumu aliyemtibu naye akabebwa. Kwa hivyo duara yetu ikichorwa, wa kwanza kusimama nje yake ni afande. Ningetaka iandikwe kabisa kwamba haingii wodi bila amri ya korti, na chochote alichomwandikisha mgonjwa akiwa kwa kitanda kisikubaliwe kama ushahidi. Hao wa mabango tutawashughulikia wakitokea.