Elfu mbili ya nauli

Simu ilinikuta kwenye cherehani, saa kumi na mbili jioni, namalizia sare za shule za wateja wa Januari. Sauti nisiyoijua ikauliza, "Wewe ndiye Dada?" Ndivyo mdogo wangu alivyoniandika kwenye simu yake. "Njoo hospitali, Amana. Ndugu yako kapata ajali pale Relini, ila anaongea." Nikaling'ang'ania hilo neno, anaongea, mpaka nikafika.

Bodaboda aliyopanda iligongwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, Barabara ya Mandela, karibu na Tabata Relini. Dereva wa boda alifia palepale. Mdogo wangu alivunjika muundi wa mguu wa kulia, mfupa ukatokeza nje. Usiku uleule akapewa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wakasafisha kidonda na kumfunga vyuma vya nje, vile vinavyochomoza mguuni kama antena za redio za zamani.

Siku tatu za mwanzo ukoo mzima ulikuwa unamsema vibaya marehemu. Mjomba alisema vijana wa boda wanaendesha kama wana roho ya akiba nyumbani. Na mimi niliitikia, sikatai. Tulikuwa na hasira, na marehemu hana wa kumjibia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kirikuu kile kina namba gani.

Siku ya nne, saa za kuona wagonjwa, akaingia mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga nyeusi, mkononi chupa ya uji wa ulezi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema, "Mimi ndiye mama yake yule dereva." Nilikosa pa kuweka mikono. Yeye akavuta kiti, akautazama ule mguu kwa muda, kisha akamuuliza mdogo wangu, "Baba, samahani kwa kukusumbua. Mwanangu alisema neno lolote?"

Mdogo wangu alikaa kimya, nikadhani hatajibu. Baadaye akasema, "Nilimpa noti ya elfu kumi tukiwa kituoni. Akasema hana chenji, tutachenji tukifika." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno. Kisha akanigeukia, "Dada, toa elfu mbili kwenye pochi, ni nauli yake." Yule mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, na hapo ndipo tulipolia wote watatu, hata mgonjwa wa kitanda cha pili.

Alipotulia akaniuliza, "Mwanangu, lile gari mnalifuatilia?" Vijana wa kijiweni kwa marehemu walikuwa wamelipiga picha kabla halijavutwa. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha kuwa ukiwa na namba ya gari unaingia TIRA-MIS, mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa simu, unaona kama lina bima, ya kampuni gani na inaisha lini. Lilikuwa na bima ndogo. Mimi nilijua bima ndogo ni ya kumwepusha mwenye gari na usumbufu wa trafiki tu. Kumbe kazi yake hasa ni hii: kumlipa mtu wa tatu, yule aliyeumizwa, au familia ya aliyekufa. Huhitaji wewe kuwa na bima yoyote. Inayotakiwa ni ya aliyekugonga.

Basi tukawa tunafuatana, mimi na yeye, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Polisi tulifuata PF3 ya matibabu, mchoro wa ajali, PF90 ya ripoti ya ajali na PF93 ya ukaguzi wa gari. Askari aliyepima ajali akihamishwa kituo, jiandae kuzunguka. Tulizunguka. Dereva wa kirikuu alifikishwa mahakamani, na nakala ya hukumu ni mojawapo ya vitu bima wanavyoulizia, kwa hiyo tarehe za kesi tulizibandika ukutani juu ya cherehani yangu, kando ya vipimo vya wateja. Siku moja nilimchanganyia mteja kiuno na tarehe ya kesi. Ile sketi haikuvalika.

Kule kwenye korido ya kituo ndiko alikotudaka kishoka. Shati limenyooka, simu mbili, anajua majina ya maaskari wote. Angeshughulikia kila kitu, sisi tukae nyumbani, na fidia ikitoka tugawane nusu kwa nusu. Akatoa karatasi nyeupe nitie sahihi, eti maelezo atajaza baadaye. Nilikuwa nimechoka, kalamu nilishaishika. Yule mama akaniuliza taratibu, "Karatasi haina neno hata moja, unaisaini nini?"

Njia yake yeye ilikuwa ndefu kuliko yangu. Marehemu aliacha mke na mtoto mchanga, na mali ya marehemu, fidia ikiwemo, inadaiwa na msimamizi wa mirathi. Ikabidi kikao cha familia kiandikwe muhtasari, cheti cha kifo kitafutwe RITA, wanakosajili vizazi na vifo, halafu wakafungue shauri la mirathi mahakamani, Kituo Jumuishi cha Temeke. Mabaraza ya baba wadogo yalichukua wiki kadhaa, hayo nayapita. Mwishowe aliteuliwa mjane mwenyewe, kwa shinikizo la mama mkwe wake.

Kwa upande wetu kosa kubwa lilikuwa risiti. Za dawa nilikuwa nazo, lakini bajaji za kwenda kliniki hazitoi risiti, na mwezi mzima sikuandika popote. Baadaye nilinunua daftari la kontakwaya, kila shilingi ikaandikwa na tarehe yake. Ila haraka hatukuwa nayo. Kampuni ya bima ilituita mapema, ikaweka mezani kiasi ambacho kingelipa hospitali tu, pamoja na hati ya kukubali kwamba hatudai tena. Mguu bado ulikuwa na vyuma! Tulikataa mpaka daktari alipoandika kiwango cha ulemavu. Baada ya hapo faili likawa "liko juu" kila nikipiga simu, mpaka nilipopeleka barua ya malalamiko ofisi ya kanda ya TIRA, na nakala kwao. Ghafla likashuka.

Lakini nisiseme karatasi tupu. Mdogo wangu alirudi nyumbani na magongo na hataki kutoka nje. Pikipiki ikipita uchochoroni anashika godoro. Wageni walikuja na machungwa na maneno yaleyale, mshukuru Mungu, wewe umepona. Usiku mmoja akaniambia, "Wakisema hivyo namwona yule jamaa anaangalia." Sikuwa na jibu. Kliniki tukaelekezwa kwa mshauri nasaha, alikwenda mara nne, zilisaidia. Kilichosaidia zaidi sikukipanga mimi: vijana wa kijiweni kwa marehemu walianza kuja Jumapili na ubao wa drafti. Walimfunga bila huruma. Walimsimulia marehemu jinsi alivyokuwa mbishi wa mpira, akacheka, na nadhani ndipo yule mtu alipoacha kuwa maiti tu kichwani mwake. Mazoezi ya kukunja kifundo cha mguu, yale ya kuvuta unyayo kwa kanga asubuhi na jioni, aliyafanya vizuri siku za drafti. Siku nyingine ni ugomvi.

Fedha zilitoka mwezi wa kumi na nne. Kiasi siandiki, mjomba anasoma. Mguu umepona mfupi kidogo, kiatu cha kulia fundi amekiongezea soli. Kwa mjane zilichelewa zaidi, na siku ya kwenda kusaini tulikwenda wanne, mdogo wangu akiwemo. Alilipa yeye nauli za wote.

Siku hizi wauguzi wawili na vijana wa kile kijiwe huwapa watu namba yangu. Wanapiga wanalia, na mimi huwaacha walie kwanza. Wakinyamaza nauliza, "Namba ya gari mnayo?"